Miezi Sita Mlangoni Petu
Hotuba ya wazee wawili wa mtaa wa Saio, siku ya Yubilei ya parokia





Wakubwa wa parokia wametuomba sisi, mume na mke, tuseme neno juu ya ugonjwa wetu na juu ya kupona kwetu. Kwanza tulisita. Mzee hapendi kusema juu ya kikohozi chake mbele ya watu, na mama hapendi kukumbushwa ginsi mifupa yake ilivyohesabika wakati ule. Lakini tuliambiwa kwamba katika kitabu cha Yubilei yataandikwa majina ya mapadri waliotutumikia, hesabu ya ubatizo, hesabu ya ndoa, hata hesabu ya mabati ya kanisa. Tukaona ni vema iandikwe pamoja nazo hesabu nyingine, iliyo ndogo: zile siku mia moja na themanini na zaidi ambazo watu wa shirika letu walipita mlangoni petu. Tutasema kwa kinywa kimoja, kwa kuwa tuliugua pamoja.

Wengi wenu mnajua jina la mtaa wetu limetoka wapi. Saio ni mji wa Ethiopia, unaoitwa siku hizi Dembidolo. Mwaka 1941 askari wa Kongo, wale wa Force Publique, walisafiri mpaka huko kupigana na Waitalia, na katika mwezi wa saba jenerali Gazzera akajitoa mikononi mwao pamoja na jeshi lake. Wazee wetu waliusifu sana ushindi ule, na jina la Saio likapandwa katika miji ya Kongo, penye makambi na penye mitaa. Jambo lisilosifiwa ni kwamba katika safari ile askari waliokufa kwa ugonjwa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Basi jina letu ni la washindi, lakini ni la wagonjwa vilevile, na sisi wawili tunaweza kulibeba bila haya.

Kikohozi kilimshika mzee mwisho wa mwaka 2019. Mnakumbuka wakati ule. Ebola ilikuwa imetangazwa upande wa Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu mwezi wa nane 2018. Ilikuwa imekwisha kuua watu zaidi ya elfu mbili, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Kila mwenye homa alitazamwa kwa jicho la hofu. Kisha, katika mwezi wa tatu 2020, korona ikafika Kinshasa, na kikohozi nacho kikawa kama kosa. Mzee akikohoa barabarani, watu walihama upande wa pili wa njia. Wengine walisema tumepewa sumu. Wengine, tena ni watu wa jamaa yetu, walisema tumelogwa, wakataja na jina la mlozi, mjane asiye na mtu wa kumtetea, kama ilivyo desturi.

Lakini katika mwezi wa pili wa mwaka ule mzee alikuwa amekwisha kupimwa makohozi, na neno lililotoka halikuwa Ebola, wala korona, wala sumu. Lilikuwa kifua kikuu. Mwuguzi aliagiza wote wanaolala nyumbani wapimwe. Mama, ambaye amelala chumba kimoja na mzee miaka zaidi ya arobaini, akaonekana naye anacho. Yeye alianza dawa mwezi mmoja nyuma ya mume wake.

Tuvumilieni kidogo, kwa maana mmoja wetu alikuwa mwalimu wa masomo na hawezi kupita mahali hapa bila kufundisha. Kijidudu cha kifua kikuu kinajulikana tangu mwaka 1882, Robert Koch alipokionyesha kule Ujerumani. Hakitumwi na mlozi. Hakirithiwi katika damu. Kinatoka katika pafu la mgonjwa anapokohoa, kinaingia katika pafu la mwingine, hasa ndani ya nyumba yenye madirisha yaliyofungwa. Jua na upepo ni adui zake. Mtu aweza kukichukua miaka mingi bila kuugua, mpaka mwili wake unapochoka kwa uzee, kwa njaa, kwa kisukari au kwa ukimwi, ndipo kinapoamka. Dawa yake ni ya miezi sita: miezi miwili ya kwanza dawa nne pamoja, na miezi minne inayofuata dawa mbili. Moja katika hizo inageuza mkojo kuwa mwekundu. Hakuna aliyekuwa amemwambia mama jambo hilo, na asubuhi alipouona akaita watoto ili awaage. Leo tunacheka, siku ile hakuna aliyecheka.

Dawa hizo hazilipwi. Bugali inalipwa. Na mgonjwa wa kifua kikuu anapoanza kupata nafuu anashikwa na njaa ambayo hatukuwahi kuijua, hata wakati wa ujana. Pensheni ya mwalimu mnaijua, hatutaisema mbele ya wageni.

Sasa tuje kwa shirika. Maaskofu wa Kongo walipokutana mwaka 1961 walichagua kwamba Kanisa katika nchi yetu lisimame juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, za watu wanaojuana kwa uso na kwa jina, na sisi kwa Swahili yetu tukaziita mashirika. Kwa kweli, watu wengi hufikiri shirika ni mahali pa kusali rozari, kusoma Injili ya dominika na kuchanga sadaka ya mavuno. Mwaka 2020 makanisa yalifungwa kwa ajili ya korona, na mikusanyiko ya watu zaidi ya ishirini ikakatazwa. Hakukuwa na Misa ya watu wote, hakukuwa na kwaya, hakukuwa na mkutano. Kilichobaki cha shirika kilikuwa miguu ya watu.

Miguu hiyo ilikuja mingi katika juma la kwanza. Walileta unga, sombe, mayai, makala. Mtu aliyekuwa hajatutembelea tangu harusi ya binti yetu alileta kuku. Kisha jina la ugonjwa likajulikana, na miguu ikapungua. Hatuwalaumu. Huruma ya siku tatu ni tabia ya watu wote wa dunia, wakristu na wapagani. Lakini ugonjwa wetu ulikuwa wa miezi sita, na hakuna moyo unaobaki na machozi miezi sita. Hapo ndipo tulipoona kazi ya kiongozi wa shirika letu, mama mmoja anayeuza samaki wakavu wa Ziwa Albert. Hatutamtaja jina, kwa kuwa ametukataza.

Mama huyo hakutoa hotuba. Alikwenda mwenyewe kituo cha afya akamwuliza mwuguzi: hatari ya kuambukiza inakwisha lini? Akajibiwa kwamba mgonjwa akimeza dawa vizuri kila siku, baada ya majuma mawili hivi hatari inapungua sana, na kwamba watu wakae nje penye hewa, madirisha yafunguliwe, mgonjwa afunike kinywa. Akarudi, akapita nyumba kwa nyumba akieleza maneno hayo. Kisha alinunua daftari ya watoto wa masomo, akachora juma zima, na katika kila siku akaandika nyumba moja. Siku ya kwanza, nyumba fulani: maji, bidoni mbili. Siku ya pili, nyumba fulani: bugali ya jioni. Hata leo tunayo daftari ile. Ina mafuta na madoa ya sombe, na mwandiko wake si mzuri, lakini hakuna juma lililoachwa wazi.

Palikuwa na mama mmoja aliyekimbia vita vya Djugu, akikaa na watoto wake katika lupango ya jirani zetu. Kiongozi hakumwandika, kwa kumwonea huruma. Alipojua, alikuja na uchungu akauliza kwa nini jina lake halimo. Akasema hana chakula cha kuleta, lakini mikono anayo. Akapewa siku ya tano, kufua nguo na mashuka. Tumesikia watu wengi wakieleza maana ya neno umaskini katika Injili, lakini sisi tunapolisikia tunaona beseni la mama yule.

Asubuhi ilikuwa ya kijana mmoja mwenye pikipiki ya kubeba abiria. Kazi yake ilikuwa kupita saa kumi na mbili, kabla hajaanza kutafuta faranga, ili aone kwa macho yake kwamba tumemeza vidonge. Waganga wanapenda iwe hivyo, kwa sababu mgonjwa akianza kupata nafuu hujiona mzima, huacha, na kijidudu kilichobaki huzoea dawa na kuwa kigumu. Hapo matibabu yanakuwa marefu na machungu kuliko ya kwanza. Sasa sikilizeni. Mnajua mwezi wa tano wa mwaka 2003 ulivyokuwa katika mji huu. Mnajua watu waliouawa ndani ya parokia ya Nyakasanza walimokimbilia, na mapadri wawili pamoja nao. Kulikuwa na njia ambazo mtu wa kabila fulani hakuweza kuzipita na kubaki hai. Kijana huyu wakati ule alikuwa mtoto mdogo sana, na jamaa yake ilikuwa ya upande ambao sisi tuliukimbia, kama wao walivyoukimbia upande wetu. Hatutaji makabila, kila mtu wa Bunia amekwisha kuelewa. Katika miezi ile yote hakusema neno moja juu ya mambo hayo, wala sisi hatukusema. Alisimama penye mlango na kofia yake ya pikipiki mkononi, akasema: «Papa, fungua kinywa.» Kisha: «Na wewe, Mama.» Halafu akaandika alama katika daftari, akaenda zake.

Tumesikia hotuba nyingi juu ya mapatano. Nyingine zilifanyika kwenye mahema, na wageni na magari. Hatuzidharau. Lakini mzee asiye na nguvu anayefungua kinywa chake kila asubuhi mbele ya mtoto wa upande ule, na mtoto yule anayemwangalia mpaka ameze, hao pia wanafanya kazi ya mapatano, na hakuna anayewaandika katika gazeti.

Tuseme sasa jambo lililo gumu, kwa ajili ya wazee wenzetu. Kutoa ni kazi nyepesi. Mtu aliyekaa mbele ya darasa miaka thelathini, aliyekuwa wa kwanza kuchanga penye msiba, hujisikia mdogo sana anapongoja mtoto wa jirani amletee maji ya kunawa. Mzee alianza kuwaambia watu, «Msijisumbue, tumeshiba,» na chungu kilikuwa kitupu. Mama alikuwa akimtazama bila kusema. Siku moja kiongozi wa shirika akamjibu kwa heshima zote: «Papa Mwalimu, ulipotufundisha kusoma ulitukatalia tusije?» Tangu siku hiyo mzee alipokea.

Tulikuwa na faraja katika kitabu cha Tobiti, ambacho tunawaomba wanandoa wazee wakisome upya. Watu hukisoma kwa ajili ya vijana, kwa ajili ya safari na harusi ya mtoto wao Tobia. Sisi tulisoma habari za wale wawili waliobaki nyumbani. Tobiti alikuwa mtu wa haki, aliyezika maiti wa taifa lake kwa hatari ya maisha yake. Kisha akapofuka, akabaki miaka minne bila kuona. Mke wake Ana alishona na kusuka kwa mshahara. Siku moja waliomwajiri walimwongezea mwana-mbuzi, na Tobiti aliposikia mlio wake hakumsadiki mkewe. Alidhani ni wa wizi, akaamuru arudishwe. Ana akamjibu maneno makali. Ona, Maandiko Matakatifu yameweka mle ndani ugomvi wa mbuzi, katika nyumba ya watu watakatifu! Ugonjwa mrefu huleta mambo hayo. Ugomvi wetu hatutausimulia. Wa Tobiti unatosha. Lakini angalieni ginsi Mungu alivyowaponya: hakushuka na ngurumo, alimtuma malaika aliyetembea kwa miguu kama kijana wa kawaida, na dawa ilikuwa nyongo ya samaki, iliyopakwa na mkono wa mtoto. Jina la malaika yule, Rafaeli, maana yake ni Mungu anaponya.

Wakati huohuo alifika mhubiri mmoja, si wa Kanisa letu, akatuambia imani yetu ingekuwa kamili kama tungeacha vidonge. Mama ndiye aliyemjibu. Alisema Mungu aliyetupa imani ndiye aliyewapa waganga akili yao, na kwamba yeye anasali kwanza, halafu anameza. Mhubiri hakurudi.

Padri wetu alikuja katika mwezi wa nne, amefunika kinywa na pua, na mafuta ya wagonjwa mfukoni. Sisi ni watoto wa katekisimu ya zamani. Katika utoto wetu, padri akionekana na mafuta, wanawake walianza kulia, maana sakramenti ile iliitwa mpako wa mwisho na ilingoja pumzi za mwisho. Mama alipomwona alidhani tumefichwa jambo. Padri akaketi, akatueleza pole pole kwamba Papa Paulo VI, kwa barua yake ya tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1972, alipanga upya sakramenti hii: ni ya kila mkristu anayeugua sana, hata ya mzee aliyedhoofika, yaweza kutolewa tena ugonjwa ukizidi au ukirudi, na inaombwa kwa ajili ya mwili na roho pamoja, kama mtume Yakobo alivyoagiza wagonjwa wawaite wazee wa Kanisa. Viti vyetu viwili viliwekwa nje chini ya mti wa avoka, kwa ajili ya hewa. Jirani walisimama mbalimbali kwenye ua, na wengine nje ya lupango. Tulipakwa sote wawili saa moja, paji la uso na mikono. Mikono ile ilikuwa na harufu ya mafuta mpaka jioni, na hatukutaka kuinawa.

Hatusemi kwamba tuliinuka siku hiyo. Hatukuinuka. Mzee alitapika dawa kesho yake, ikabidi arudi kwa mwuguzi. Viungo vya mama viliuma miezi miwili mizima. Lakini hofu ilitoka, na mtu asiye na hofu anameza vizuri, analala vizuri, na anakula anachopewa. Wanaouliza kama ni dawa iliyotuponya au ni sala, sisi hatukupata nafasi ya kuzitenganisha: zilikuja kwa mlango mmoja, zikiletwa na watu walewale.

Mzee alimaliza vidonge vyake katika mwezi wa nane 2020, wakati makanisa yalipoanza kufunguliwa. Mama alimaliza mwezi wa tisa. Makohozi yalipimwa, hayakuonekana na kijidudu. Tulitembea kwenda Misa kwa miguu, tukipumzika mara tatu njiani, na penye mlango wa kanisa watu walisita kidogo, hawajui kama wanaruhusiwa kutushika mkono. Kijana wa pikipiki akawa wa kwanza.

Baba Askofu, mapadri wetu, mmetuuliza pia tunaomba nini kwa ajili ya miaka inayokuja ya parokia hii. Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Papa Yoane Paulo II aliianzisha mwaka 1992 ili ifanyike kila tarehe 11 ya mwezi wa pili, tunaifurahia sana, pamoja na Misa yake na zawadi za sabuni na sukari. Tunaomba tarehe 12 nayo isisahauliwe, na 13, na zile za mwezi wa sita mvua inapopungua na watu wakiwa mashambani. Tunaomba kila shirika liwe na daftari kama ile, na mtu mmoja wa kuishika asiyechoka. Tunaomba kikohozi kinachopita majuma mawili kipelekwe kituo cha afya kabla hakijapelekwa kwa mwonaji au kwa mhubiri. Tena tunawaomba vijana wa jamaa zetu waache kuwatafutia wajane jina la ulozi. Yule mjane aliyetajwa katika ugonjwa wetu alileta maharagi mara nne, na imeandikwa.

Katika shirika letu sasa wako wagonjwa watatu: mtoto aliyeungua miguu, baba mmoja aliyepooza upande wa kushoto, na bibi kizee anayekohoa, ambaye atapimwa juma hili. Daftari mpya imekwisha kuchorwa. Sisi wawili tumeandikwa siku ya tatu, kwa maji na kwa kukaa na bibi kizee mpaka binti yake arudi sokoni. Bidoni moja mzee ataibeba kwenye kinga. Ya pili bado ni nzito kwake, kwa hiyo tunatafuta kijana mmoja wa kusaidia siku hiyo. Mwenye nafasi atukute penye mlango wa kanisa baada ya Misa.